Jiwe Linalokua na Udongo wa Vuga



Kila mwaka kijitabu chetu cha harambee huwa na kurasa za historia, na mara nyingi kurasa hizo huanza na Mbegha na simba wake. Mwaka huu tumeombwa tuandike habari za mawe. Sababu ni kwamba mkutano mkuu utaletewa pendekezo la kutumia sehemu ya michango kutengeneza njia ya watalii, ili wageni wanaofika Lushoto na Soni kutazama miamba waje mpaka Vuga. Sisi wa kamati ya fedha tuliona si vema kupitisha makadirio ya safari ambayo hatujaitembea. Kwa hiyo mwezi wa saba tulikusanyika watu saba, tukamlipa mwongozaji, kijana wa huku huku, tukazunguka siku nzima kama wageni wengine.

Tunayoandika hapa ni yale tuliyoyaona, pamoja na historia inayoyaeleza.

Ukingo wa Irente

Ziara huanzia Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini. Unapita kati ya mashamba ya kabichi na karoti, kisha ghafla ardhi inakwisha. Chini yako, karibu mita elfu moja, iko nyika: Mombo, Mazinde, barabara kuu na reli, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari.

Mwongozaji alitueleza vizuri. Milima yetu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Haikutokana na volkano kama Kilimanjaro. Miamba yake ni ya kale sana, ilipikwa kwa joto na kugandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuka na mwingine ukabaki chini. Ukingo wa Irente unaonyesha mpasuko huo wazi.

Ukisimama pale unaielewa pia historia ya Vuga kuliko ukiisoma kitabuni. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, nguvu ya nchi ilikuwa juu mlimani, kwenye mvua na migomba. Lakini misafara ya biashara ilipita chini nyikani. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa Mazinde, penye njia ya misafara, akapata bunduki. Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti, alibaki Vuga na heshima ya kiti. Mwaka 1868 nguvu ya nyikani ilipanda mlima na Vuga ikachomwa moto. Baada ya hapo ilikuja miaka ya vita na ya watu kuuzwa utumwani. Wazee wetu waliona kwa macho kwamba mwamba mrefu haulindi nchi iliyogawanyika.

Jiwe la Magila

Kutoka Irente tulirudi Lushoto, tukashuka mpaka Soni. Tulisimama kwenye maporomoko, tukakitazama kilima kiitwacho Kwa Mungu, kisha tukaenda kwa miguu upande wa Magila. (Si Magila ya Msalabani kule Muheza, hii ni ya huku kwetu.) Huko ndiko liliko jiwe ambalo wageni hulifuata zaidi, wanaloliita jiwe linalokua.

Ni jiwe kubwa limesimama mtelemkoni katikati ya mashamba. Masimulizi ya hapo ni kwamba linaongezeka kimo: babu aliliona fupi, mjukuu analiona refu. Wageni hupenda sana habari hiyo, nao hupiga picha wakiwa wameliegemea.

Mwongozaji hakuficha ukweli. Alituambia jiwe halikui hata kidogo. Mvua huchukua udongo uliolizunguka, na kila msimu sehemu iliyokuwa imefukiwa hutokeza nje. Jirani na pale palikuwa na mama mtu mzima akipalilia maharage. Tulimwamkia, tukamwuliza naye anasemaje. Akaegemea jembe lake, akatujibu:

"Wanangu, hilo jiwe liko palepale lilipowekwa na Mungu. Shamba langu ndilo lililoshuka."

Hatukusikia maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo siku ile nzima.

Sisi kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo tulifanya hesabu. Udongo wa unene wa milimita moja tu, ukiondoka katika hekta moja, ni mita za ujazo 10. Kwa uzito ni kama tani 12 hivi. Lori la tani 7 lingefanya safari mbili kuubeba. Milimita moja huwezi kuiona kwa macho. Mvua kubwa mbili tatu kwenye mtelemko mtupu zinatosha kuiondoa. Udongo kujitengeneza upya kutoka kwenye mwamba huchukua vizazi. Katika vitabu vya hesabu, mali ikipungua thamani mwaka hata mwaka tunaandika uchakavu, ili mwenye mali asijidanganye kwamba bado anayo yote. Mashamba yetu hayana safu ya uchakavu. Safu hiyo imeandikwa kwenye jiwe la Magila, kwa kimo.

Mji usio na magofu

Mchana tulifika Vuga. Wenzetu wawili waliozaliwa Dar es Salaam waliuliza swali ambalo wageni wote huuliza: magofu yako wapi?

Swali ni la haki. Ukienda Kilwa Kisiwani utaona misikiti na majumba ya mawe ya matumbawe. Vuga nayo ilikuwa mji mkuu. Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Mwaka 1857 walikuja Richard Burton na John Speke, na Burton aliandika kwamba aliambiwa mji una nyumba kama 500 na watu kama 3,000. Mzee Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy ametuachia Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, kitabu kizima. Lakini nyumba za Vuga zilikuwa misonge ya miti, majani na udongo. Juu ya milima iliyojaa mawe, wazee wetu hawakujenga ikulu ya mawe.

Hazina yao ilikuwa ardhi yenyewe. Kwa Kishambaa tunasema kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme alipimwa kwa hayo mawili. Mvua ikinyesha kwa wakati na migomba ikizaa, ilisemwa ameiponya nchi. Njaa ikiingia, aliulizwa yeye. Mbegha mwenyewe, katika masimulizi yetu, hakupewa nchi kwa sababu ya ukuta alioujenga. Alipewa kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akagawa nyama, kisha akaua simba. Kazi ya kwanza ya utawala Vuga ilikuwa kulinda shamba.

Kwa hiyo gofu letu ni udongo. Mgeni akiuliza urithi wa Vuga uko wapi, tumwonyeshe miteremko. Na miteremko hiyo, siku ile, tuliitazama kwa macho yaliyotoka Magila. Penye migomba, mishai na majani ya guatemala, udongo ulikuwa mweusi na njia za maji zilikuwa safi. Penye mahindi yaliyopandwa kufuata mtelemko, tuliona mawe yakichungulia. Mengine yalikuwa na mstari wa rangi nyekundu, kiganja kizima juu ya ardhi, kuonyesha udongo ulipokuwa umefika zamani.

Yaliyojaribiwa kabla yetu

Hatutakuwa wa kwanza kushughulikia jambo hili. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo. Baadaye amri za matuta zikaenea Usambara. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, lakini njia ilikuwa ya amri na faini. Kazi ya kulima matuta iliwaangukia zaidi akina mama, na watu walihisi kwamba mashamba yao yatachukuliwa. Walikataa, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Matuta yakachukiwa pamoja na mkoloni, wakati udongo uliendelea kushuka.

Kondoa ni funzo jingine. Kule makorongo yalizidi hata mwaka 1979 serikali ikaamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika. Ardhi ilianza kupona, lakini fikirini kijiji kizima kinachoambiwa kiswage ng'ombe wake wote kiondoke nao. Nchi ikiachwa mpaka ifike hapo, uamuzi unatoka mikononi mwa mwenye shamba.

Huku kwetu, mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Huo ndio uliotuzoesha kupanda guatemala kwenye mistari ya kontua, kuchanganya miti na mazao na kufuga ng'ombe bandani. Jambo moja lililofanya wengi wakubali ni rahisi: majani yanayozuia udongo ndiyo yanayolisha ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayetoa maziwa na mbolea. Mkulima aliona faida mwaka uleule. Mistari mingine ya wakati ule ipo mpaka leo. Mingine imeng'olewa ili kupata tuta moja zaidi la viazi.

Pendekezo letu

Sasa turudi kwenye fedha. Wanaotaka njia ya watalii wana hoja nzuri. Utalii wa utamaduni Lushoto umekuwepo tangu miaka ya 1990, na vijana wetu wanastahili sehemu yao: kuongoza wageni, kupika makande, kuuza matunda, kusimulia Habari za Wakilindi pale pale zilipotokea. Hatupingi hata kidogo.

Lakini tuliona jambo moja ambalo lazima lisemwe mbele ya mkutano. Jiwe la Magila linavutia kwa sababu linazidi kutokeza, na linatokeza kwa sababu jirani anapoteza shamba. Tukijenga njia bila kushika udongo, tutakuwa tunakata tiketi mlangoni ili watu waje kutazama hasara yetu. Na njia yenyewe, ikichimbwa kwenye mtelemko bila makinga maji, itakuwa korongo baada ya masika mbili.

Wapo waliofanya kinyume na wakafaulu. Konso, kusini mwa Ethiopia, wakulima wamejenga ngazi za mawe milimani kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka 400, kuzuia udongo na maji. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka nchi yao katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni husafiri mbali kwenda Konso kuona udongo uliobaki mahali pake. Hakuna sababu Vuga isiwe hivyo, kwa mawe yaleyale yanayotusumbua mashambani.

Kwa hiyo kamati ya fedha inapendekeza hivi. Katika kila shilingi tatu za harambee ya mwaka huu, mbili ziende kwenye makinga maji, vitalu vya miche na mbegu za guatemala kwa mashamba yaliyo juu ya chemchemi, kwa kukubaliana na wenye mashamba na bila kumlazimisha mtu. Shilingi ya tatu itengeneze njia ya wageni, ipite katikati ya mashamba hayo yaliyotengenezwa, ili mwongozaji awe na cha kuonyesha zaidi ya mandhari.

Tunaomba pia kitu kimoja kisicho na gharama. Kila kitongoji kichague jiwe moja shambani, kipige mstari wa rangi pale udongo unapoligusa leo, na kuandika mwaka. Wazee wawili na vijana wawili walishuhudie. Kila mkutano mkuu, kabla ya kusoma mapato na matumizi, tusomewe vipimo vya mawe hayo. Mstari ukiendelea kugusa udongo, tutajua fedha zenu zimefanya kazi. Ukianza kuning'inia hewani, mtuulize sisi, kama wazee walivyomwuliza mfalme.

Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tunawaomba muijaze kabla ya masika, kwa sababu mvua haitasubiri kikao.