Samani na Thamani: Nyumba ya Waswahili na Vyombo Vyake

Mwalimu wa Kiswahili anapofikia somo la nyumbani huandika ubaoni maneno manne: kitanda, kiti, meza, kabati. Wanafunzi huyanakili, huyatungia sentensi, na somo likaisha. Ni mara chache tunapotua na kuwaambia kwamba maneno hayo hayakuingia nyumbani siku moja wala kwa mlango mmoja. Kila moja lina umri wake na njia yake, na anayefuata njia hizo ataiona nyumba ya wazee wetu ikijazwa polepole, chombo baada ya chombo.

Nina sababu ya kuyakumbusha haya, nayo yahusu mfuko zaidi kuliko kamusi. Niliwahi kumtembelea mwalimu mwenzetu kijana, aliyekuwa amepata nyumba yake ya kwanza. Sebuleni palikuwa na makochi mapya, yamejaa hata mlango haukufunguka vizuri. Alikuwa ameyachukua kwa mkopo. Lakini yeye mwenyewe alilala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, na vitabu vyake vilikaa katika katoni chini ya dirisha, mchwa wamekwisha kuvianza. Sikumlaumu, alifanya aliyoyaona kwa wengi. Ila nilirudi nikijiuliza: je, watu wa zamani, ambao nao hawakuwa na fedha nyingi, walianzia wapi?

Tuanze na kitanda. Neno hili ni la Kibantu, na lina nasaba na kitenzi kutanda, yaani kuenea au kufunika, kama tusemavyo wingu limetanda. Ndugu zetu wa Uganda husema ekitanda, na wa Rwanda na Burundi husema igitanda; kwa hiyo mwanafunzi wa huko hana haja ya kulikariri. Kitanda cha kamba kilikuwa chombo cha watu wote wa pwani. Kina matendegu manne, ndiyo miguu. Mifumbati miwili, ndiyo miti ya ubavuni. Na vitakizo viwili, kimoja cha kichwani na kimoja cha miguuni. Upande wa kichwani huitwa mchago. Katikati huwambwa kamba za ukindu au za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa mahali pa majimaji hata yakalainika, kisha yakapondwa.

Hapa pana hekima ya matumizi. Kamba ikilegea hukazwa, ikikatika kitanda huwambwa upya, na mti hubaki ule ule miaka mingi. Aliyekuwa na kitanda hiki hakununua kitanda kingine, alinunua kamba. Mwenye uwezo zaidi alijipatia samadari, kitanda cha mtindo wa Kihindi chenye nguzo na nakshi, lakini kazi ya vyote viwili ni moja: kumwinua mtu kutoka kwenye ubaridi wa sakafu na wadudu wake.

Juu ya kitanda na juu ya sakafu ulitandikwa mkeka. Miyaa ya mkindu hukatwa ingali michanga, hukaushwa, mingine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, na ukili ukashonwa duara hata mkeka ukatimia. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, na ilifanywa katika nafasi za mazungumzo. Mkeka ni kiti cha wageni kumi kwa pamoja, ni meza ya chakula, ni kitanda cha mchana. Na mambo yakiisha hukunjwa ukasimamishwa pembeni. Chumba kimoja kikawa vyumba vitatu kwa siku moja. Jamvi, lililo zito na la kukwaruza, lilitandikwa penye watu wengi.

Baada ya kulala na kukaa, watu walitafuta mahali pa kuhifadhi. Hapo ndipo bahari inapoanza kusema. Sanduku ni neno la Kiarabu. Kasha limetokana na Kireno, caixa. Makasha ya mbao nzito yaliyopambwa kwa misumari ya shaba yaliletwa kwa vyombo kutoka Bara Hindi, na mengi yalikuwa mali ya mwanamke, ya kutilia nguo zake na vitu vyake vya thamani. Mafundi wa pwani nao walitengeneza ya kwao. Sanduku lilifungwa kwa kufuli, lilikaliwa kama benchi, na siku ya kuhama lilibebwa kama lilivyo. Misafara ilipoingia bara, kufika Tabora, Ujiji na Kasongo, neno sanduku lilisafiri pamoja na mizigo, na leo liko katika lugha nyingi za nchi zetu.

Na kiti je? Neno hili lina shina moja na mti, yaani ni kipande cha mti cha kukalia. Kwa siku nyingi katika nyumba ya kawaida kilitosha kigoda. Mahali pa kupokelea wageni palikuwa barazani, na baraza halikununuliwa. Lilijengwa pamoja na nyumba, kwa mawe na chokaa au kwa udongo mtupu, likatandikwa mkeka, basi. Mwezi Novemba mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone huko Ujiji, waliketi katika baraza la namna hiyo. Stanley ameeleza kwamba mahali pa mzee huyo palikuwa na mkeka na juu yake ngozi ya mbuzi, na kwamba ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse ubaridi wa udongo. Ngozi mbili na mkeka mmoja: ndivyo alivyojistarehesha mtu aliyekwisha kujifunza kwa wenyeji.

Kutokana na benchi hilo la udongo, neno baraza likapanda cheo. Waliokaa hapo wakitoa shauri wakaitwa baraza, na leo tuna Baraza la Mawaziri, na Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Hakuna kochi lililofika mbali kiasi hicho.

Tukija kwenye pambo, hatuna budi kwenda Lamu. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zilitiwa safu za vidaka, ambavyo kwa Kiamu huitwa zidaka, vimechongwa katika lipu ya chokaa. Ndani yake viliwekwa sahani, mabakuli na vitabu. Kwa nini ukutani? Jibu moja ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mti huo hauvuki nafasi kubwa. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu. Chumba cha namna hiyo kikijazwa vyombo hapapitiki. Basi sakafu iliachwa wazi, uzuri ukapandishwa ukutani. Kwamba watu wa pwani walipenda vyombo vya China tangu zamani, si jambo la kukisia: katika magofu ya Gede, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, vigae vyake vilipatikana kwa wingi, na huko Kunduchi mabakuli yalipachikwa hata katika nguzo za makaburi.

Lakini historia tusiipake chokaa. Nyumba hizo za zidaka zilikuwa za matajiri, na kazi nyingi nzito za miji hiyo zilifanywa na watumwa. Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mapambo ya pembe na mgongo wa nyuzi zilizosukwa, hakikuwekwa ili kila mtu akikalie. Kiliwekwa ili ijulikane nani anastahili kukikalia. Tangu hapo samani zimekuwa na kazi mbili: kumtumikia mwenye nyumba, na kumtangaza. Kazi ya kwanza ina kikomo, kwani mwili una mahitaji machache. Ya pili haina, na ndiyo inayomwingiza mtu katika deni.

Vyombo vya mwisho kuingia ndivyo tunavyovianza sisi. Meza ni neno la Kireno, mesa, na Waganda huita emmeeza. Kabati limetoka katika Kiingereza. Wanyarwanda wakasikia akabati na Waganda kabada. Kochi ni la Kiingereza pia. Sofa ndilo lenye safari ndefu: lilitoka katika Kiarabu, suffa, likapitia Ulaya, kisha likatufikia kwa njia ya Waingereza. Wakati wa ukoloni vitu hivyo vilikuwa ghali, na wengi walijitengenezea. Mafuta ya taa yaliuzwa madebe mawili katika sanduku moja la mbao; debe likawa la kutekea maji, na sanduku, likisimamishwa na kutiwa rafu, likawa kabati la vyombo au la vitabu.

Tukiyakusanya haya, twaona mpango ulio wazi. Kwanza mahali pa kulala, pili pa kuhifadhi, tatu pa kuketi na wageni, mwisho pambo. Na pambo lenyewe lilitokana zaidi na kazi ya mikono kuliko ununuzi. Mwalimu anayejenga kwa tofali nene aweza kuacha kidaka ukutani, akaweka ubao juu yake wa kuzuia tofali, na vitabu vyake vikapata mahali pasipofikiwa na mchwa kwa urahisi. Tena tofali zilizoachwa ni tofali zilizookolewa. Chokaa nyeupe hukifanya chumba chenye giza kionekane kikubwa. Mkeka mzuri humkalisha mgeni bila aibu.

Yule kijana alinisikiliza, kisha akanijibu neno ambalo sijalisahau: “Mzee, wageni hawaulizi nalala wapi.” Ni kweli, hawaulizi. Lakini mgongo huuliza kila alfajiri, na vitabu navyo vina haki yao. Mwezi uliofuata alimpa fundi kazi ya kitanda na rafu mbili. Makochi yalibaki, kwa kuwa deni lilibaki.

Wanafunzi wetu huchanganya samani na thamani, kwa kuwa sauti zake zakaribiana. Thamani ni neno la Kiarabu, lenye maana ya bei na ubora. Samani liko katika Kiajemi na Kihindi kwa maana ya vitu na mizigo. Tunapolisahihisha kosa hilo katika madaftari, tuwaeleze na sababu: kitu kinaweza kuwa samani pasipo kuwa na thamani, na kipande cha ukili kilichosukwa vema kikawa na thamani kuliko samani nyingi.