Vazi na Moyo

Somo: Luka 18:9–14

Leo twataka kuwakumbusha habari za wazee wetu wa imani, kwa maana ndani yake mna dawa ya ugonjwa unaolisumbua Kanisa hata sasa, yaani unafiki.

Wamisheni wa kwanza wa Kianglikana walifika Uganda mwaka 1877. Ilipofika mwaka 1929, waliobatizwa walikuwa wengi, na Kanisa Kuu la Namirembe lilisimama juu ya kilima chake pale Kampala. Lakini wengi walikuwa Wakristo wa jina tu. Jumapili walivaa vizuri wakaja ibadani. Jumatatu waliyarudia yale yale ya gizani.

Mwezi wa Septemba mwaka huo, daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi hapo Namirembe. Daktari alikuwa amechoka na kuvunjika moyo. Wawili hao walikaa pamoja, wakasoma Neno na kuomba. Wakati ule wa ukoloni, Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja kama ndugu halikuwa jambo dogo.

Baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali ya Gahini, alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi. Alipoulizwa habari za hospitali, alieleza mabaya mengi aliyoyaona huko. Nsibambi akamwonyesha kwamba shina la mabaya yale lilikuwa dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye mwenyewe. Neno hilo lilimchoma Kinuka. Njiani, akirudi nyumbani, akajitoa kwa Bwana.

Wapenzi, hapo ndipo tunapotaka mtazame. Uamsho wa Afrika Mashariki haukuanza kwa watu kuhesabu dhambi za jirani. Ulianza mtu alipokubali kusema, “Ni mimi.” Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakaungama. Walioiba wakarudisha. Waliochukiana wakapatana. Hata wamisheni waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Naye Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alitaka kuiuliza Sinodi sababu ya Kanisa kupoa, na kwa nini wanaoishi katika dhambi inayojulikana wanaikaribia Meza ya Bwana. Alikufa Januari 1936, kabla Sinodi haijakutana, lakini maswali yake hayakuzikwa pamoja naye.

Mwaka 1937 moto huo ulifika kwetu Kenya, pale Kabete. Tena ulijaribiwa. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi waliokuwa wamekaa kanisani kwa miaka walitikisika. Lakini ndugu wa Uamsho wengi walikataa kiapo, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha juu ya jirani zao. Walichukiwa huku na huku, na baadhi yao waliuawa. Siku kama ile vazi la nje halimfai mtu kitu.

Lakini tusijisifu kwa ajili ya wazee wetu. Hata kuungama kwaweza kugeuka kuwa vazi. Tumejifunza maneno ya ushuhuda, tunajua mahali pa kupaza sauti na mahali pa kulia. Dhambi tunazozitaja ni za miaka ishirini iliyopita. Za juma hili tunazifunika. Yule Farisayo alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama mtoza ushuru. Sisi twamshukuru Mungu kwamba sisi si kama Farisayo, na kumbe tumevaa joho lake.

Nasi tuliopita chuo cha theolojia hatukuponea huko. Jumapili moja tuliongoza Ushirika Mtakatifu, hali kwa majuma matatu hatukuwa tumesemezana na mzee mmoja wa kanisa, kwa ajili ya fedha za ujenzi. Midomo yetu ilitangaza amani. Mzee akaja, akapiga magoti, akakinga mikono yake apokee mkate, nasi hatukuweza kumtazama usoni. Alasiri tulimwendea. Kwake hapafiki hata maili moja, lakini tuliiona njia ile kuwa ndefu kama ya Kinuka. Tulimwambia kosa lilikuwa letu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye naye alikuwa ameula mkate ule kwa uchungu.

Basi, msikilizaji, yuko nani ambaye unampa mkono kanisani na moyo ukimnyima? Usingoje mkutano mkubwa wala mhubiri mgeni. Yohana atufundisha katika waraka wake wa kwanza kwamba tukienda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi, na damu ya Yesu yatusafisha. Mwendee leo.

Na tuombe. Ee Bwana, utuvue vazi la uongo. Utuanzie sisi, kabla ya jirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.