Mlango wa Kadi Ulivyozibwa, Ukafunguliwa, Ukazibwa Tena

Septemba 2025 Apple ilitoa iPhone 17, na iliyokuwa na nafasi ndogo kuliko zote ilikuwa ya GB 256. Swali la siku zote likarudi: mtu wa kawaida anahitaji GB ngapi? Fundi wangu wa Kariakoo, aliyeanza kazi enzi za vitochi, ana jibu moja: GB 64 na mlango wa kadi ya kumbukumbu.

Tulianzia chini. iPhone ya kwanza, ya 2007, ilikuwa ya GB 4 au 8. HTC Dream ya 2008, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na MB 256 tu, ila ilikubali kadi. Kadi hiyo ya microSD, milimita 15 kwa 11, ndiyo iliyotulea. Mteja alichomoa yake ya GB 2, akataja taarab au Bongo Fleva, na fundi akamjazia nyimbo karibu 500 kutoka kwenye kompyuta.

Machi 2015, Barcelona, Samsung ikazindua Galaxy S6: kioo mbele, kioo nyuma, mlango wa kadi hakuna. Hata betri haikuchomoka tena. Hoja yao ilikuwa kwamba hifadhi mpya ya ndani ni ya kasi kuliko kadi yoyote. Ni kweli, lakini mwenye simu ya GB 32 iliyojaa, kasi itamsaidia nini? Wateja walilalamika mwaka mzima. Februari 2016, Barcelona hiyohiyo, S7 ikaja na mlango wake. Ushindi huo ulikuwa na mwiba: kwenye S7 za laini mbili, kadi ilikaa palepale pa laini ya pili. Kwa sisi wenye laini ya kupigia na laini ya kupokelea pesa, huko ni kulazimishwa kuchagua kati ya jicho na sikio.

Mwaka 2021 S21 ikauziba mlango huo tena. Tecno na itel nyingi za bei nafuu zimeendelea kuwa nao, na nawashukuru.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha moja ni kama MB 3, kwa hiyo picha 10,000 ni GB 30. Anayerekodi video kila siku achukue 128. Kumwambia mama ntilie kwamba bila 256 hana simu ni kumwonea.

Juzi nilimpeleka mama mkubwa kwa fundi, simu imegoma kupiga picha. Fundi akaifungua WhatsApp: GB 21, karibu zote video za salamu za asubuhi. Picha alizopiga mwenyewe hazikufika GB 6.

"Mama, nifute?"

"Za salamu futa, baba. Ya arusi ya mwanangu niachie."