Ebola ya Bwera 2019 na Historia ya Swali la Mishipa ya Damu

Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyeingia wilaya ya Kasese pamoja na jamaa zake kutoka Kongo, alikuwa na Ebola. Alipokelewa Kagando, akahamishiwa Bwera, akafariki. Mkasa huo umezoeleka kuandikwa kama historia ya mpaka: kivuko cha Mpondwe, vipimajoto, na wahudumu wa afya karibu 4,700 waliochanjwa mapema. Makala haya yanauliza swali jingine: ni nini hasa humuua mgonjwa wa Ebola?

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba virusi huila mishipa yenyewe. Mwaka 2000 majaribio ya maabara nchini Marekani yalionyesha kuwa glikoprotini ya virusi huweza kuharibu seli za utando wa ndani wa mishipa. Hata hivyo, mwaka 2003 Thomas Geisbert na wenzake, wakiwachunguza kima, waliona kwamba seli hizo huambukizwa kwa kuchelewa. Zinazotangulia ni makrofaji, askari wa kinga, ambazo humwaga sitokini kama TNF-alfa na interlukini-6. Protini hizi kazi yake ni kupeleka habari. Zikifurika, inflamesheni huenea, seli za utando hulegezana, majimaji ya damu huvuja na shinikizo la damu hushuka.

Ushahidi wa binadamu ulitoka Gulu, katika mlipuko wa 2000–2001 uliowaua watu 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya. Damu ya wagonjwa hao (ya virusi vya Sudan, si vya Zaire vilivyofika Bwera) ilichambuliwa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: vifo viliandamana na wingi wa feritini na wa thrombomodulini, protini ya utando huohuo. Inasikitisha kwamba maarifa haya yalisafiri mbali hivyo kabla ya kurudi.

Tarehe 12 Agosti 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili za kingamwili zilizojaribiwa Kongo, mojawapo ikitokana na mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995, zilipunguza vifo, hasa kwa waliowahi kutibiwa. Lakini kingamwili humzuia kirusi. Hazizibi mshipa unaovuja. Kwa maoni yangu, bajeti ya Bwera inapaswa kuhesabu pia dripu, vipimo vya potasiamu na wauguzi wa zamu ya usiku. Wiki mbili na ushei baada ya tangazo hilo, msichana wa miaka tisa aligunduliwa Mpondwe kwa uchunguzi wa mpakani. Alifariki Bwera.