Alizeekea Wapi?

Kiangazi cha 1967, Mmarekani wa miaka 51 aliingia msituni kando ya ziwa la juu la Twin Lakes, Alaska, akaangusha miti ya spruce, akaichuna maganda, akaipanga, kisha akaenda zake. Hakujenga chochote. Aliyaacha magogo yakauke kipindi chote cha baridi, kwa maana gogo bichi likishawekwa ukutani hunywea, na ukuta uliokuwa umeshikana vizuri mwezi wa saba unaanza kupitisha upepo mwezi wa kumi na mbili. Mei 1968 akarudi, na kabla ya baridi kali kuingia tena alikuwa na nyumba ya kustaafia.

Huyo ni Richard Proenneke. Kama wewe ni wa kulala saa tisa usiku ukitazama watu wakijenga vibanda porini, basi ushakutana naye, au angalau na wanaomuiga.

Mimi nilimfuatilia kwa sababu ya Baba. Mzee wangu ni fundi wa mawe. Amejengea watu Nairobi tangu kabla sijazaliwa, na sasa magoti yamekataa kupanda ngazi, anajijengea ushago: vyumba vinne, mawe matupu. Mjengo ulifika usawa wa madirisha ukakwama, na huu ni mwaka wa tatu nyasi zinamea sebuleni. Nilitaka kumwonyesha kwamba kustaafu kunaweza kuwa kitu kidogo. Nyumba ya Proenneke ilikuwa futi 11 kwa 15. Bedsitter yangu haiko mbali na hapo.

Alizaliwa Iowa mwaka 1916. Shule ya upili aliiacha baada ya miaka miwili kwa kuwa haikumvutia, na hapo nilimpenda ghafla, kwani mimi pia chuo tuliachana njiani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa seremala katika Jeshi la Wanamaji, akaugua homa ya baridi yabisi iliyomlaza hospitalini miezi kadhaa. Baadaye akawa mekanika wa mitambo ya dizeli huko Kodiak, Alaska. Ajali ya kazini ikakaribia kumpofusha. Alipopona aliamua kwamba macho aliyobaki nayo atayatumia kuangalia anachotaka.

Sasa kazi yenyewe. Alibeba vyuma vya vifaa vingine bila mipini, akaichonga mipini hukohuko, maana mbao zimejaa na mzigo wa kubeba ni mgongo wako. Shoka, msumeno wa mkono, tezo, keekee, patasi. Hakuna jenereta. Kila gogo alilichonga pengo karibu na ncha ili lilikalie la chini yake, na pengo hilo halikadiriwi kwa macho: unalaza gogo mahali pake, unachora umbo la lile la chini juu yake, unaligeuza, unachonga, unalirudisha, unaona bado, unaligeuza tena. Uzito wa gogo lenyewe ndio unaofunga kona. Nyufa zilizobaki alizisokomeza kuvumwani. Paa lilikuwa la fito, juu yake karatasi ya nailoni, juu kabisa kuvumwani lililo hai. Bawaba za mlango na komeo lake alizichonga kwa mti. Na madebe ya mafuta aliyakata akayageuza sufuria na visanduku vya chakula, kazi ambayo pale Gikomba angepata mteja kabla ya saa nne asubuhi.

Haya yote tunayajua kwa sababu alijirekodi kwa kamera ya filamu ya kutegwa kwa mkono. Na hapa ndipo nina neno. Ukimwona akipiga kasia mpaka anapotelea upande wa pili wa ziwa, upweke mtupu, kumbuka ilibidi ageuze mtumbwi arudi kuchukua kamera. Hadithi ya "mtu mmoja peke yake" ina watu wengi nyuma ya pazia. Alipokuwa akijenga alilala katika kibanda cha marafiki zake. Rubani Babe Alsworth alikuwa akitua ziwani na ndege ndogo kumletea barua, vyakula na vya dukani. Mwaka 1973 rafiki yake Sam Keith aligeuza shajara zake kuwa kitabu, One Man's Wilderness, na hicho ndicho kilichomfanya ajulikane. Hata hilo pori halikuwa tupu. Wadena'ina waliishi nchi hiyo kabla ya Marekani kuwepo, na Lake Clark, ziwa kubwa lililo kusini yake, wao hadi leo huliita Qizhjeh Vena.

Mwaka 1980 eneo lote likawa hifadhi ya taifa. Proenneke aliendelea kuishi humo, akiandika hali ya hewa na nyendo za wanyama karibu kila siku, katika baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukitoa safari chache za nyumbani, alikaa karibu miaka 30. Alitoka akiwa na miaka 82, akaenda kuishi na ndugu yake Hemet, California, huko kwenye joto, na akafariki huko mwaka 2003. Nyumba inatunzwa na hifadhi. Watu hupanda ndege kwenda kuiona.

Pasaka niliyoenda ushago nilimwekea Baba ile filamu kwenye simu. Tulikaa juu ya mawe yake ambayo hayajapandishwa. Mwanzoni alicheka, akasema nyumba ya mbao ni ya kuku. Ilipofika kwenye kona akanyamaza. Akaniambia nirudishe nyuma. Tukaangalia lile pengo likichongwa mara tatu, mara nne.

"Huyu anajua kazi," alisema. Kwa Baba, sifa haizidi hapo.

Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia, "Baba, si unaona, chumba kimoja tu. Hana deni la mtu. Hizi vyumba nne ni za nani, na sisi wote tuko Nairobi?"

Hakujibu. Aliitazama filamu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyu, alizeekea wapi?"

"Kwa ndugu yake. California."

"Huyo ndugu alikuwa na chumba."

Akanirudishia simu. Akainuka polepole, mkono kwenye goti, akaenda akasimama ndani ya mstari wa mawe upande wa mashariki.

"Hii ni yako," alisema. "Desemba ukuje, tunapiga linta."