Wimbo Nilioufuta

Mimi si mtu wa opera. Nilipokuwa nikisomea ualimu Butimba, hapa Mwanza, mkufunzi wetu wa muziki alitueleza kwamba opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake huimba badala ya kusema, na kwamba ulianzia Italia mwishoni mwa karne ya 16. Kisha akafuta ubao. Kwa miaka mingi nilidhani habari hiyo imeishia pale. Haikunipitikia kwamba ng'ambo ya ziwa letu hili hili, ambalo huliona kila nikitoka nyumbani Buzuruga kwenda mjini, walikuwapo watu waliotunga michezo ya namna hiyo kwa lugha yao na ngoma zao, wala kwamba mmoja wao aliilipia kwa roho yake.

Mwaka 2019 niliitwa Kampala na mwanafunzi wangu wa zamani, mama mtu mzima sasa, ambaye amefanya biashara huko miaka mingi. Zamani tungepanda meli Mwanza tukashukia Port Bell. Safari hii nilipanda basi stendi ya Buzuruga, nikapitia Sirari, Kisumu na Busia, nikafika nimevimba miguu. Alinipokea kwa "Shikamoo Mwalimu" na kupiga goti, watu wa pale wakatutazama. Kesho yake akanipeleka katikati ya mji kwenye Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza.

Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka 1959, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza. Si kubwa kama nilivyotazamia. Ukuta wake wa mbele ni wa zege lililotobolewa matundu, kama wavu uliotandazwa kukauka. Jengo la Bunge liko jirani kabisa. Ndani tulikuta kikundi kinafanya mazoezi: ngoma, marimba, vijana wa kike na wa kiume wakijibizana kwa nyimbo, na kiongozi wao akiwakatiza kila mara na kuwarudisha mwanzo. Sijui Kiluganda, lakini maneno ya Kibantu ni ndugu. Kuku kwao ni "enkoko", kwetu Wasukuma ni "ngoko". Nilikaa nyuma gizani nikiokota neno hapa na neno pale, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani.

Neno hilo la kuku ndilo lililonifungulia historia ya mahali pale. Mwaka 1971 Byron Kawadwa, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa jumba hilo, aliandika mchezo wa nyimbo kwa Kiluganda uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa Bwana Kuku. Muziki aliutengeneza pamoja na Wassanyi Serukenya. Ni kisa cha ufalme na uchu wa madaraka. Waganda hawakuhitaji kufafanuliwa, maana ilikuwa miaka mitano tu tangu jeshi la Obote liivamie ikulu ya Kabaka mwezi Mei 1966. Na mwaka ule ule wa 1971, tarehe 25 Januari, Idi Amin naye alikuwa ametwaa nchi kwa bunduki. Mchezo uliotungwa juu ya mtawala mmoja ulimwenea na mwingine, kama kanzu ya kuazima.

Mapema mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi lililoitwa FESTAC. Uganda iliwakilishwa kwa heshima. Kawadwa alirudi nyumbani, na haukupita muda akachukuliwa na watu wa usalama wa Amin akauawa. Ilikuwa miezi ile ile Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa. Robert Serumaga, mwandishi na mkurugenzi wa kikundi cha Abafumi, alipitia njia nyingine. Katika michezo yake alipunguza maneno, akaiacha miili, ngoma na sauti ziseme. Baadaye alijiunga na waliokuwa wakipigana na Amin, akawamo katika mkutano wa Moshi wa Machi 1979, na serikali mpya ikampa uwaziri. Alifariki mwaka 1980.

Msomaji wa rika langu ataelewa kwa nini habari hizi zilinikaa kooni. Sisi wa Mwanza Amin tulimjua kwa vita. Mwezi huo huo wa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia, ilikosa shabaha ikapiga kisiwa cha Saa Nane, wakafa wanyama wa hifadhi. Tulimwita nduli, tukaimba juu yake, na tuliimba bila hofu kwa kuwa serikali yetu ilitaka tuimbe. Sikuwa nimewafikiria walioimba kabla yetu, mlangoni pake, bila mtu wa kuwalinda.

Kwa nini mwenye vifaru aogope waimbaji? Si Uganda tu. Mwaka 1830 huko Brussels watu walitoka ukumbini katikati ya usiku wa opera wakaanza ghasia, na ghasia hizo zikawa mwanzo wa mapinduzi yaliyozaa nchi ya Ubelgiji. Verdi, mtunzi mkuu wa Italia, alikuwa na opera juu ya kuuawa kwa mfalme wa Sweden. Wakaguzi walimkatalia, na ilipochezwa mwaka 1859 kisa kilikuwa kimehamishiwa Boston, Marekani, na mfalme amegeuzwa gavana. Hotuba mtu huisikia akaiacha pale pale. Wimbo huondoka nao, na kesho yake anaunong'ona sokoni akipima dagaa, na hakuna askari awezaye kumnyang'anya.

Jambo hili sisi Wasukuma hatukufundishwa na Italia. Bagika na Bagalu hushindana wakicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kama wafanyavyo Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, na anayeshinda ni yule anayewavuta watazamaji wa mwenzake. Manju hodari ana dawa zake, ana mbwembwe zake, lakini silaha yake kubwa ni neno. Mtemi, mpinzani, tajiri mchoyo, wote walijua kwamba wanaweza kuamka na kujikuta ndani ya wimbo.

Nami niliwahi kuwa manju kwa muda mfupi. Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, nilitunga mchezo wa nyimbo kwa ajili ya darasa la saba. Ulihusu karani wa pamba anayeikanyaga mizani kwa kidole cha mguu. Kila mkulima aliyekuwapo kijijini alikuwa amekutana na kidole hicho. Msichana mmoja mwenye sauti kali alipewa wimbo wa mkulima anayemwuliza karani ni lini pamba yake ilipungua njiani. Siku mbili kabla ya maonyesho alikuja mkubwa mmoja, simtaji, akatazama mazoezi, akacheka, akaniambia kwa upole kwamba mwalimu mwenye akili hujua nyimbo za kuimba. Hakunitisha. Hakuniandikia barua. Usiku ule niliufuta wimbo ule, nikaweka ngonjera ya kusifu kilimo bora. Tulipigiwa makofi mengi. Miaka iliyofuata nilipanda hadi kuwa mwalimu mkuu, na sikutunga tena.

Tulipotoka kwenye lile jumba la Kampala, mwenyeji wangu alikuwa kimya mpaka tulipofika barabarani. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, ule wimbo wangu wa mizani, kwa nini uliukata?" Maana yule msichana alikuwa yeye. Miaka arobaini na minne alikuwa amelibeba swali hilo, akidhani aliimba vibaya.

Nilimwambia ukweli: hakuimba vibaya, mwalimu wake aliogopa. Alitikisa kichwa, akasema, "Pole, Mwalimu." Sikutegemea kupewa pole.

Sijilinganishi na Kawadwa. Yeye aliishi chini ya mtu aliyeua; mimi niliishi chini ya mtu aliyecheka kwa upole. Hilo halinipunguzii, linaniongezea. Jumba lile lina jukwaa, taa na pazia, lakini hivyo hata chuo chetu kilikuwa navyo. Kilichonikosa ni kile alichopanda nacho Kawadwa jukwaani.

Jioni ile tulikaa barazani kwake, nikatoa daftari. Aliimba alichokikumbuka, nikaandika. Zilipatikana beti mbili na kiitikio. Zilizobaki hata mimi niliyezitunga zimenipotea. Daftari hilo liko mezani kwangu hapa Buzuruga. Mjukuu wangu anayesoma darasa la saba ameniomba wimbo huo autumie shuleni, nami nimempa.