Jinsi ya kukunja na kuhifadhi mikanda ya kufungia mizigo isijisokote

MADEREVA wa malori na matingo wao aghalabu huhesabu kazi kuwa imekwisha mara tu mzigo unapoteremshwa. Mikanda iliyoushikilia mzigo huo safari nzima hufunguliwa kwa haraka, hukumbatiwa kwa pamoja na kutupwa nyuma ya kiti au ndani ya sanduku la zana. Asubuhi inayofuata, shehena nyingine inapongoja, mikanda hiyo huwa bunda moja lisilojulikana mwanzo wala mwisho.

Hasara ya kwanza ni muda unaopotea kuifumbua. Hasara iliyo kubwa zaidi ni usalama. Mkanda uliojisokota hufungwa ukiwa umepinda, wenye fundo gumu huvutwa hivyo hivyo, na uliochanika hauonekani kasoro yake hadi unapokatika barabarani. Kwa sababu hiyo, kukunja mikanda si suala la unadhifu pekee. Huo ndio wakati ambapo mkanda wote, kutoka ncha hadi ncha, hupita mikononi mwa mtu, na dosari zake zikaweza kuonekana kabla ya safari nyingine.

Uzito wa jambo hili hudhihirika katika hesabu zinazotumiwa na wahandisi wa uchukuzi. Kiwango cha Ulaya kijulikanacho kama EN 12195-1 hukadiria kwamba dereva wa lori akifunga breki za ghafla, mzigo husukumwa mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzani wake, na katika kona husukumwa kando kwa asilimia 50. Hii ina maana kwamba shehena ya tani 10 yaweza kusukuma mbele kana kwamba ni tani 8 zinazoning'inia. Katika miteremko kama ule wa Salgaa kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na sifa mbaya ya ajali za malori, mkanda dhaifu haupaswi kutegemewa kamwe.

SEHEMU ZA MKANDA

Mkanda wa kawaida wa lori una vipande viwili. Kipande kifupi hushikilia racheti, yaani kifaa cha chuma chenye meno ambacho hukaza mkanda kila mpini wake unapovutwa. Kipande kirefu ndicho kinachopita juu ya mzigo na kuingizwa kwenye racheti. Kila kipande huwa na kulabu upande mmoja. Mikanda ya malori aghalabu huwa na upana wa milimita 50, ilhali ile ya magari madogo na pikipiki huwa na milimita 25.

Mikanda iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 hushonewa lebo ambayo rangi yake hueleza aina ya nyuzi. Buluu ni poliesta, kijani ni nailoni, na kahawia ni polipropilini. Lebo hiyo pia huandikwa herufi LC pamoja na tarakimu inayoonyesha nguvu ambayo mkanda unaweza kustahimili unapovutwa moja kwa moja, kwa kipimo cha daN. Kwa makadirio, daN 1 ni sawa na uzani wa kilo 1. Lebo ikipotea au isiposomeka, hakuna tena njia ya kujua uwezo wa mkanda, na unapaswa kuondolewa kazini.

CHANZO CHA MSOKOTO

Watu wengi huamini kwamba mikanda hujisokota yenyewe ikiwa sandukuni. Ukweli ni kwamba msokoto huingizwa na mtu anayekunja. Mkanda au kamba inapozungushwa kati ya kiganja na kiwiko, kisha duara hizo zikavutwa kutoka upande mmoja, kila duara moja huacha msokoto mmoja kamili. Duara 10 huacha misokoto 10, na misokoto hiyo hutafuta mahali pa kupinda na kushikana.

Mafundi wa stima wanaijua hali hii vyema. Waya ukitolewa huku rili yake ikizunguka, hutoka ukiwa umenyooka. Ukivutwa kwa ubavu wa rili iliyolazwa chini, hutoka ukiwa na mapindo. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mikanda: kilichoviringishwa kifunguliwe kwa kuviringishwa, wala kisivutwe kwa upande.

Chanzo cha pili ni ncha zinazoachwa huru. Kulabu isiyofungwa hunasa kila kitu kilicho karibu nayo, na mikanda 5 iliyowekwa pamoja ikiwa na kulabu huru huwa bunda moja baada ya kutikiswa kilomita chache kwenye barabara mbovu.

NJIA ZA KUKUNJA

Kabla ya njia yoyote, vipande viwili vitenganishwe. Racheti ifunguliwe kabisa, mkanda uvutwe wote utoke, kisha racheti ifungwe tena ili mpini wake usishike mikanda mingine. Kipande kifupi kizungushwe kuizunguka racheti yenyewe na kufungwa kwa mpira.

Njia ya kwanza, inayofaa mikanda mipana, ni kuviringisha. Mkanda hulazwa juu ya sakafu safi au kitanda cha lori na kunyooshwa. Kazi huanzia kwenye ncha isiyo na kulabu, ambayo hukunjwa kidogo na kuviringishwa kwa kukazwa hadi kulabu ibaki nje. Mpangilio huu una faida siku ya kufunga mzigo. Utingo hushika upande wa kulabu na kurusha bunda juu ya shehena, nalo hujifungua lenyewe likielekea upande wa pili. Bunda ambalo kulabu yake iko katikati hutua na chuma hicho, na aliye upande wa pili wa lori anaweza kujeruhiwa kichwani. Hata hivyo, ni lazima kuhakikisha kwanza kwamba hakuna mtu upande huo.

Njia ya pili ni kuviringisha mkanda ukiwa umekunjwa mara mbili. Ncha mbili hushikanishwa, katikati ya mkanda hutafutwa, na kazi huanzia hapo. Bunda humalizika kwa nusu ya urefu wa kuviringisha, na ncha zote mbili hubaki nje zikionekana. Njia hii inafaa pale ambapo nafasi ya kuunyoosha mkanda wote haipo.

Njia ya tatu ni mkunjo wa nane, ambao unafaa kamba na mikanda myembamba. Badala ya kuzungusha upande mmoja tu, kamba hupitishwa kwenye kidole gumba, ikavuka kiganja na kuzunguka kidole cha mwisho, kisha ikarudi kwa kuvuka tena. Kila msokoto wa upande wa kulia hufutwa na ule wa kushoto, na kamba hutoka bila pindo lolote. Mwishoni, kiuno cha umbo hilo hufungwa kwa mizunguko michache ya ncha iliyobaki.

Kwa wenye mikanda mingi, kifaa rahisi kinaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa jua kali. Ni vipande viwili vya nondo nyembamba laini, vilivyosimamishwa sambamba vikiachana kwa nafasi ndogo na kuunganishwa na mpini wa kuzungusha. Ncha ya mkanda huingizwa kati ya nondo hizo, mpini huzungushwa, na bunda likikamilika huchomolewa. Miisho ya nondo ni sharti ipigwe tupa ili isichane nyuzi.

Kila bunda lifungwe kwa kipande cha blada kilichokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mkanda wenyewe usipigwe fundo, hata kama ni la kuhifadhia tu. Fundo linaweza kuupunguzia mkanda nusu ya nguvu zake au zaidi, na lililokazwa likiwa limelowa huwa gumu kufunguka.

MAHALI PA KUHIFADHI

Katika bohari, mikanda itundikwe ukutani kwa misumari mipana au vigingi vya mbao, mmoja kwa kila kigingi, ikipangwa kwa upana na urefu. Anayehitaji mkanda wa mita 10 haimpasi kuifungua yote kuutafuta. Baadhi ya wachukuzi hupaka rangi kwenye kulabu ili kutambulisha urefu, jambo linalorahisisha kazi usiku.

Ndani ya lori, kisanduku chenye vyumba kinafaa zaidi kuliko gunia. Racheti ziwe upande wake, mabunda upande wake. Mikanda isiwekwe karibu na betri wala pamoja na mitungi ya mafuta. Vilevile isiachwe kwenye sakafu ya chumba cha dereva, kwani inaweza kuteleza hadi chini ya kikanyagio cha breki.

Jua ni adui mwingine. Miale yake hudhoofisha nyuzi polepole, na mkanda unaoachwa kwenye lori lililoegeshwa huzeeka kabla ya wakati wake. Dalili zake ni rangi kupauka na nyuzi kuwa ngumu na kukatika zikikunjwa.

MAJI, UCHAFU NA KEMIKALI

Mkanda uliolowa usikunjwe na kufungiwa. Nyuzi za poliesta hazifyonzi maji mengi na wala haziozi, lakini chuma cha racheti na kulabu hushika kutu, na kutu hiyo hukwaruza nyuzi. Mkanda utundikwe kivulini hadi ukauke, mbali na moto.

Mchanga huharibu kwa siri. Punje zake huingia kati ya nyuzi na kuzikata kila mkanda unapokazwa. Dawa yake ni kuupiga mkanda ukutani ili ukung'utike au kuuosha kwa maji na sabuni isiyo kali. Dawa za kung'arisha nguo zisitumiwe.

Kemikali zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kila aina ya nyuzi ina udhaifu wake. Poliesta hustahimili asidi nyingi lakini huharibiwa na alkali. Nailoni ni kinyume chake: hustahimili alkali lakini huharibiwa na asidi. Wanaosafirisha saruji kutoka Athi River au Mombasa wanapaswa kukumbuka kwamba vumbi la saruji likilowa huwa alkali kali, na mikanda ya poliesta isafishwe kabla ya kukunjwa. Wenye mikanda ya nailoni nao waikinge dhidi ya maji ya betri.

UKAGUZI WAKATI WA KUKUNJA

Mkono mmoja ukiviringisha, mwingine uachwe kupapasa kingo zote mbili za mkanda. Mkanda wa milimita 50 uliokatika ukingoni kwa zaidi ya milimita 5, yaani asilimia 10 ya upana wake, haufai tena. Hali kadhalika ule ambao mishono yake imefumuka, ulioungua au wenye nyuzi zilizoyeyuka kwa sababu ya msuguano. Kulabu iliyonyooka au kupasuka na racheti isiyoshika meno yake barabara pia zitolewe.

Mkanda ulioharibika usirudishwe sandukuni kwa matumaini kwamba utafaa siku ya dhiki. Ukatwe vipande vipande ili asije mwingine akauokota na kufungia mzigo.

KAMBA ZA MKONGE NA MIPIRA

Nchini Kenya, ambako mkonge hulimwa katika sehemu kama Taita Taveta na Vipingo, kaunti ya Kilifi, kamba za katani bado hutumika kufungia mizigo. Tofauti na mikanda ya kiwandani, kamba hizi huoza zikihifadhiwa na unyevu, hivyo ni sharti zianikwe na kutundikwe penye hewa. Kamba ikisukwa kuelekea kulia, kama zilivyo nyingi, izungushwe kwa kufuata mwendo wa saa ili isipingane na msuko wake.

Wahudumu wa bodaboda hutegemea zaidi blada na mipira yenye kulabu. Mpira huharibiwa na jua, petroli na oili, na nyufa ndogo zikionekana unapovutwa, wakati wa kuubadilisha umefika. Mpira wenye kulabu ukiponyoka hurudi kwa kasi na umewahi kuwapofusha watu macho, hivyo uso usiwekwe kwenye mstari wa mvuto. Baada ya kazi, kulabu zake zishikanishwe na mpira utundikwe ukiwa umelegea. Ncha inayoning'inia isiachwe nyuma ya pikipiki, kwani huweza kunaswa na mnyororo au gurudumu.

Mzigo ukishafungwa, uangalifu hauishii hapo. Kanuni za Marekani humtaka dereva wa lori kukagua shehena yake kabla ya kumaliza maili 50 za kwanza, ambazo ni takriban kilomita 80, kwa kuwa mizigo hujipanga upya na mikanda hulegea. Kwa anayetoka Mombasa, kituo cha kupimia uzani cha Mariakani ni mahali pafaapo kwa ukaguzi huo wa kwanza. Dakika chache za kukaza mikanda hapo, na nyingine chache za kuikunja ipasavyo mwisho wa safari, ni gharama ndogo ikilinganishwa na shehena iliyomwagika mbele ya matatu iliyojaa abiria.